Kuongoza timu ya mataifa mengi: mwongozo kamili kwa meneja wa biashara ya kuvuka mipaka

Siku moja watu wanne wa Guangzhou walibaki ofisini hadi saa tatu usiku wakinisubiri mimi. Nilikuwa nimemwambia msaidizi wangu hapa Dar es Salaam kwamba mkutano ni saa nne asubuhi. Akaandika kwenye mwaliko "4:00", na kalenda ikausoma kama saa kumi jioni. Mimi niliingia mtandaoni saa nne asubuhi, nikasubiri dakika arobaini, kisha nikawaandikia ujumbe mkali kwamba hawaheshimu muda wa wenzao. Wao wakasoma, wakanyamaza, na saa iliyoandikwa kwenye mwaliko ilipofika, ambayo kwao ni usiku, wakaingia. Mimi sikuwapo. Nilijua kilichotokea baada ya wiki nzima, tena kwa kuambiwa na mtu mwingine.

Kazi yangu ni mizigo. Bidhaa zinatoka Guangzhou, nyingine zinapitia Dubai, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, kisha zinapanda malori. Yapo yanayopita Tunduma, yanavuka Zambia na kuingia Kongo kwa Kasumbalesa hadi Lubumbashi; mengine yanapita Rusumo kwenda Kigali. Hesabu zinafanyiwa Nairobi. Timu ni watu kumi na wanne wa mataifa sita, na nimeiongoza kwa miaka tisa.

Katika miaka hiyo nimegundua jambo ambalo sikulitarajia. Makosa yetu mengi na ya gharama kubwa hayakutokea kati yetu na Wachina. Yalitokea kati yetu sisi tunaozungumza Kiswahili. Kwa mwenzangu wa Guangzhou nilikuwa mwangalifu: naandika polepole, nauliza mara mbili, namtumia picha. Kwa wa Nairobi na wa Lubumbashi nilizungumza kama ninavyozungumza na jirani yangu wa Sinza, nikidhani neno likitoka kwangu linafika kwake vilevile. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo tunapojiona tumeshaelewana.

Hatua ya 1: Andikeni saa, tarehe, namba na fedha kwa namna moja

Fanya hivi kabla ya mafunzo yoyote ya tamaduni. Ni karatasi moja, inachukua alasiri moja.

Saa kwanza. Mtanzania na Mkenya wakitamka "saa nne" wanahesabu kutoka mapambazuko. Mwenzetu wa Lubumbashi, ambaye Kiswahili chake kimebeba Kifaransa kingi, mara nyingi atataja saa kwa Kifaransa, na ukimwandikia "saa nne" usishangae akaelewa kingine. Juu ya hilo kuna majira: Lubumbashi, Kigali na Bujumbura wako nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja, Guangzhou mbele kwa saa tano. Kanuni yetu ni kwamba mdomoni sema utakavyo, lakini ukiandika, tumia mfumo wa saa 24 na utaje mji: 10:00 Dar, 09:00 Lubumbashi, 11:00 Dubai, 15:00 Guangzhou. Mwaliko usio na jina la mji haukubaliwi na yeyote, hata ukitoka kwangu.

Tarehe ni rahisi zaidi. Mchina huanza na mwaka, Mmarekani huanza na mwezi, sisi huanza na siku. Andikeni mwezi kwa herufi, yaani 4 Machi au 3 Aprili, na ubishi umekwisha.

Namba zina mtego ambao wengi hawaujui. Katika maandishi ya watu waliosomea Kifaransa, mkato hutenganisha desimali. Kwa hiyo "tani 28,500" kutoka Lubumbashi ni tani ishirini na nane na nusu, mzigo wa lori moja. Hapo utashtuka kwa sababu hakuna lori la kubeba tani elfu ishirini na nane. Balaa ni pale namba zote mbili zinapowezekana: "dola 1.250" kwa mmoja ni dola moja na robo, kwa mwingine ni dola elfu moja mia mbili hamsini. Sisi tunaacha nafasi kwenye maelfu, 1 250, na bei zote tunaziandika na tarakimu mbili za senti mwishoni.

Fedha: usiandike "shilingi" tupu. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zinapishana takriban mara ishirini, na kuna ya Uganda pia. Andikeni TZS, KES, UGX, CDF (faranga ya Kongo), USD.

Usidhani haya ni mambo ya ofisi ndogo. Mwaka 2006 Airbus ilitangaza kuchelewa kwa ndege ya A380, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wahandisi wa Hamburg na wa Toulouse walitumia matoleo tofauti ya programu ileile ya kuchora, CATIA. Nyaya zilipofika kufungwa zikawa fupi. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Wale walikuwa Wajerumani na Wafaransa waliofanya kazi pamoja kwa miongo mingi, na kila upande uliamini mwenzake anaona mchoro uleule.

Hatua ya 2: Jifunze "ndiyo" ya kila mtu

Hii ndiyo hatua ninayoomba uikalie muda mrefu.

Dar es Salaam hatupendi kumwambia mtu "hapana" usoni. Tuna njia nyingi za kuikwepa: "tutaangalia", "nitajitahidi", "ngoja nione", "Inshallah". Aliyezaliwa hapa anasikia hapana ndani yake. Mwenzetu wa Nairobi anasikia ahadi, anaiandika kwenye mpango wake, na Ijumaa anauliza kazi iko wapi. Yeye akiwa na pingamizi anasema "hiyo haiwezekani", na mtu wa Dar anaenda nyumbani akiwa ameumia. Wote wawili wamefanya kazi yao kwa adabu waliyolelewa nayo.

Guangzhou wana msemo wao, "mei wenti", ambao ukiutafsiri ni "hakuna tatizo". Tunausikia kila siku, na unafanana kabisa na "hamna shida" yetu. Siku moja niliwauliza wanatumia lini. Wakaniambia ni pale wanapokuwa na njia, na pia pale ambapo wanaamini watapata njia, na pia pale ambapo si vizuri kusema vingine mbele ya watu. Nikacheka, maana "hamna shida" nayo ndivyo ilivyo. Baadhi ya wenzetu Wahindi walioko Dubai hutikisa kichwa upande hadi upande wakikubali, na mgeni anayewaangalia kwenye kamera anadhani wamekataa.

Basi fanya mambo matatu.

Acha kuuliza "Umeelewa?" Hakuna mtu mwenye heshima zake atakayejibu hapana mbele ya wenzake. Uliza: "Ukitoka hapa utaanza na nini?" Jibu lake litakuonyesha alichoelewa. Uliza pia: "Ni kitu gani kinaweza kukuzuia kumaliza kufikia Alhamisi?" Swali hili linampa mtu ruhusa ya kutaja tatizo bila kukataa kazi.

Pili, tumieni namba badala ya maneno. Kila ahadi kwetu inapewa alama kati ya 1 na 5, na 5 maana yake "naweka jina langu". Mtu anayeshindwa kutamka hapana anaweza kuandika 2 bila kuona haya. Tulipoanza, mwenzetu wa Lubumbashi alitoa 2 kwa lori ambalo kila mmoja alidhani limeshavuka Kasumbalesa. Tulipata siku tatu za kumjulisha mteja mapema.

Tatu, kipokee vizuri kile 2. Ukifoka mara moja tu, hutakiona tena. Utapewa 4 za kukufurahisha.

Hatua ya 3: Amueni lugha ya kikao, na muandike mara kikiisha

Tulijaribu Kiingereza pekee. Watu wa Nairobi wakazungumza dakika arobaini kati ya sitini, si kwa sababu wana mawazo mengi zaidi bali Kiingereza kinawatoka haraka. Tukajaribu Kiswahili, tukawaacha nje Dubai na Guangzhou, na wa Lubumbashi wakakwama kwenye Kiswahili changu cha semina. Sasa kanuni ni ndogo: lugha ya kikao ni ile ambayo kila aliyepo anaimudu, na akiwapo mmoja asiyeijua, kuna mtu ametajwa kwa jina kumtafsiria. Kuzungumza pembeni kwa lugha ambayo mwenzako haijui, kama maikrofoni iko wazi, ni marufuku. Anayeachwa nje hudhani anasemwa.

Tuma hoja za kikao kwa maandishi siku moja kabla. Anayefikiria kwa Kifaransa au Kichina anahitaji muda wa kuandaa sentensi zake, na ukimpa atakushangaza. Kikao kikiisha, ndani ya saa moja andika mistari mitano: tumeamua nini, nani anafanya, lini, kwa gharama gani, nini bado hakijaamuliwa. Siku hizi muhtasari huu anauandika yule ambaye lugha ya kikao ni ya tatu au ya nne kwake. Akikosea, tumegundua tulipoachana.

Tengenezeni pia orodha ya maneno yanayofanana na kutofautiana. Posho kwa Mtanzania ni fedha ya safari. Kwa Mganda ni ugali. Dereva wetu aliahidiwa na wenyeji wake wa Kampala kwamba "posho ipo", akaenda bila fedha mfukoni. Alipikiwa vizuri sana. Hela kwetu ni feza Lubumbashi. Orodha yetu ina maneno zaidi ya thelathini sasa na kila mgeni anaongeza lake.

Hatua ya 4: Nani anaamua?

Kontena likikaa bandarini, demareji, yaani tozo ya kuchelewa, haisubiri mtu. Meneja wa tawi aliyezoea kwamba mkubwa ndiye mwenye kauli atangoja simu yangu hata kama mimi niko ndani ya ndege. Mwingine, aliyelelewa kazini kwa kuambiwa "tumia akili yako", ataamua halafu anijulishe, na wa kwanza atamwona mkosefu wa adabu.

Usijaribu kubadilisha malezi ya watu. Chora jedwali: jambo, anayeamua, anayeulizwa kabla, anayejulishwa baada. Weka viwango vya fedha. Kwetu, gharama ya hadi dola 500 ya kunusuru mzigo inaamuliwa na aliyeko mahali mzigo ulipo, haulizwi. Hadi 3 000 ni msimamizi wa njia husika. Juu ya hapo nipigiwe hata usiku. Mwenzetu wa Lubumbashi, mtu mzima anayeniita Direkta na mimi namwita Papa kama kwao wanavyoitana kwa heshima, alikaa miezi minne bila kutumia mamlaka yake. Nilimwandikia barua rasmi yenye muhuri kumkabidhi. Siku hiyohiyo akalipa gharama iliyokuwa inangoja. Alihitaji karatasi, kwa sababu alikotoka maneno ya mkubwa yanaweza kukanushwa na mkubwa mwenyewe.

Ukitaka maoni ya kweli kikaoni, waanze wadogo kwa cheo, wewe uwe wa mwisho. Ukianza wewe, kikao kimeisha.

Hatua ya 5: Kukosoa

Faraghani, kwa sauti, bila maandishi. Hii inafaa kwa Dar, kwa Guangzhou na kwa Muscat, na haimuudhi mtu wa Nairobi. Kwa hiyo ifanye kuwa kanuni ya wote. Kosa la mtu lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp hata siku moja. Kundi linataja tatizo la mzigo tu.

Zaidi ya hapo, muulize kila mtu anapoanza kazi: ukikosea, ungependa uambiwe vipi? Hapa nakuomba usiangalie pasipoti yake. Nina Mtanzania anayetaka kuambiwa moja kwa moja bila "samahani" tatu za utangulizi, na Mkenya ambaye ukimkosoa anahitaji siku nzima ya kutulia. Desturi ya taifa inakusaidia kuuliza swali la kwanza. Majibu ni ya mtu mwenyewe.

Na maneno ya kuomba. "Nipe ile ripoti" Nairobi ni maneno ya kawaida. Dar ni kama amri kwa mtoto. Sisi tunasema "naomba". Waambie pande zote mbili, mapema, kabla ujumbe wa kwanza haujachoma moyo wa mtu.

Hatua ya 6: Kalenda moja ya sikukuu na siku za kazi

Chukueni kalenda ya mwaka mzima mjaze pamoja. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku zetu za pamoja na Muscat ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ofisi za serikali ya shirikisho hufunga mchana. Ramadhani saa za kazi za Ghuba hupunguzwa, na mwezi wenyewe huanza mapema zaidi kwa takriban siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Viwanda vinafungwa na wafanyakazi wanarudi makwao mbali. Agizo ambalo halijapakiwa kabla ya hapo usilitegemee hadi Machi. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo wako likizo. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii.

Na saa ya kikao cha pamoja: kati ya 09:00 na 13:00 ya Dar kila mmoja yuko kazini, kuanzia Lubumbashi hadi Guangzhou. Ukilazimika kutoka nje ya dirisha hilo, zungusheni usumbufu. Asiwe mtu yuleyule anayeamka alfajiri kila mara.

Tarehe moja nataka uitie alama kwa mkono wako. Tarehe 7 Aprili Tanzania ni Karume Dei, siku ya mapumziko, na watu wanatumiana salamu na picha za ufukweni. Siku hiyohiyo Rwanda wanaanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, na wiki nzima ni ya maombolezo. Mwaka wa kwanza mtu wetu alituma picha za ufukweni kwenye kundi. Mwenzetu wa Kigali hakusema kitu. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Hatua ya 7: Utani na kabila

Hili linatoka moja kwa moja kwenye hilo lililotangulia. Mtanzania akikutana na mtu mpya, dakika ya tano anauliza "wewe kabila gani?" Anauliza kwa upendo, akitafuta pa kuanzisha utani, kwa sababu kwetu watani hutaniana hata msibani na hakuna anayekasirika. Lipeleke swali hilo Kigali na umefungua kidonda. Nairobi, hasa karibu na uchaguzi, linasikika kama linauliza kura yako, na watu hawajasahau yaliyotokea mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Mashariki mwa Kongo lina uzito wake pia, na ni uzito wa leo.

Kwa hiyo mfanyakazi mpya wa Dar ninamkalisha chini mwenyewe na kumweleza kwamba swali hilo halivuki mpaka. Simwambii utani ni mbaya. Ni urithi wangu na ninaupenda. Namwambia uanze na chakula, mpira, watoto, barabara. Kabila mwenyewe akilitaja, msikilize. Asipolitaja, huna haja nalo kazini.

Hatua ya 8: Malipo na vibali

Kwa ufupi. Watu wataambiana mishahara, hata ukikataza. Kama yupo anayelipwa zaidi kwa kuwa ametolewa nchi nyingine, tenganisha mshahara na posho ya makazi, na uweze kuutetea mgawanyo huo mbele ya wote. Vibali vya kazi fuatilia kabla mtu hajapanda basi. Tanzania, sheria ya ajira kwa wasio raia ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Uandike ukiwa na nia nao, kwa sababu mrithi aliyetajwa akiona mafunzo hayaji, anapoteza imani na yule mgeni asiye na kosa lolote.

Hatua ya 9: Mgogoro ukitokea

Usianze na "kwao ndivyo walivyo". Sentensi hiyo ikitamkwa na mtu yeyote, nasimamisha mazungumzo. Naomba kila upande uandike mambo matatu kwa mpangilio: niliona nini, nilielewa nini, nilitarajia nini. Halafu wanabadilishana karatasi. Mara nyingi walichoona ni kilekile. Walichotarajia ndicho kinachopishana, na hapo unarudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza au jedwali la hatua ya nne kutafuta mstari unaokosekana.

Mmoja akimkosea mwenzake kweli, ombeni radhi kwa njia inayomfikia aliyeumizwa. Mimi niliwaandikia Guangzhou kuomba radhi, nikapata jibu la mistari miwili ya adabu na hakuna kilichobadilika. Miezi mitatu baadaye nilisafiri, nikawaalika wote wanne chakula cha jioni, nikasimama na kusema mbele ya bosi wao kwamba kosa lilikuwa langu na saa ile ilikuwa saa ya Kiswahili. Wakaniuliza saa ya Kiswahili ni nini. Nilichora saa kwenye karatasi ya meza, jua likichomoza kwenye kumi na mbili. Hadi leo mmoja wao akinitumia mwaliko huandika pembeni, kwa herufi zake za kujifunza: "saa nne asubuhi, Dar".

Kila baada ya miezi sita soma kanuni zote na timu nzima, mfute zile ambazo hakuna aliyezihitaji. Zetu zilianza kurasa sita. Sasa ni mbili.